Kichwa kwa Joram, Spika kwa Dishon

Mzee Absalom alikuwa ameshagawa makoti mawili, viatu, saa ya mkononi na baiskeli ya marehemu Oketch kabla hajafika kwenye amplifaya, na mpaka hapo mimi nilikuwa mtu mwenye adabu zake. Nilikaa benchi ya nyuma, kofia mapajani, nimenyamaza. Mke wangu Nabwire angeniona siku hiyo angeuliza kama naumwa.

Mzee Absalom ni baba mdogo wa Oketch, na ndiye aliyepewa kazi ya kugawa. Huku Nyakach mtu akishazikwa na matanga yakapoa, ndugu hukaa uani, vitu vyake vikaletwa mbele ya macho ya wote, na kila mmoja akapewa chake. Hakuna anayebeba vyote. Anayebeba vyote anaitafuta chira, ile laana ya kukondesha mtu hadi afe, na chira haina hospitali. Sina ugomvi na desturi hiyo. Kwetu Bungoma tuna zetu, na nyingine nikikusimulia utadhani natania.

"Imebaki hii mashine," akasema Mzee, akiigonga kwa bakora. Aliigonga mahali ambapo mimi nilikuwa nimepiga vanishi kwa kitambaa, mkono kwa mkono. "Naona ni maboksi mawili. Hili dogo lenye taa ni la Joram, kwa sababu ndiye mkubwa. Hili kubwa ni la Dishon."

Nikasimama.

Kabla sijasema nilichosema, lazima ujue hiyo ilikuwa amplifaya gani. Mwaka wa themanini na saba, klabu moja ya zamani mjini Kisumu ilitupa amplifaya ya gitaa ya Kiingereza, ya miaka ya sitini, iliyoungua tumboni. Ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo ambazo ukiwasha zinangoja kwanza, halafu zinaanza kuwaka rangi ya chungwa taratibu. Wakati huo kila bendi ilikuwa inakimbilia transista. Transista ni nyepesi, haivunjiki, na sauti yake ni ya mtu aliyebana pua. Oketch ndiye aliyekuwa akiimba na kupiga gitaa la solo katika bendi yetu. Mimi nilipiga besi, na mchana nilitengeneza redio soko la Kibuye. Tuliibeba ile maiti ya Kiingereza hadi kwangu, nikaifungua, nikaisoma waya kwa waya. Halafu nikajenga mpya kwa kuifuata. Sikusema kukarabati. Nimesema kujenga.

Chasisi ilikunjwa na wale mafundi wa mabati wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi. Valvu zilitoka Nairobi, za Kirusi, zimefungwa kwenye magazeti ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Oketch aliuza ng'ombe wake ili vitu vipatikane, kwa hiyo mashine ilikuwa yake, na sijawahi kusema vinginevyo. Transfoma nilizisuka mwenyewe, uzi wa shaba juu ya uzi wa shaba, nikihesabu mizunguko kwa sauti usiku na mchana, mpaka Nabwire akamwambia mchungaji kwamba nimeanza kunena kwa lugha lakini lugha yenyewe ni tarakimu tupu.

Jambo moja tu sikulifuata. Ile ya Kiingereza ilikuwa sanduku moja, kila kitu ndani, nzito kama jiwe la kusagia. Mimi nikaitenga mara mbili: kichwa juu, chenye valvu na transfoma, na sanduku la spika chini, na waya mmoja wa kuviunganisha. Watu wawili wabebe, kila mmoja na mzigo wake, ipande juu ya basi bila matusi. Nilijiona mjanja kuliko Waingereza.

Na ilivyolia. Oketch akigusa nyuzi kwa ulaini, sauti ilitoka safi na ya mviringo. Akikaza mkono, ilikwaruza kidogo mwishoni, kama mama anayekuita chakula huku anajua ni wewe uliyevunja sahani. Watu walikuja kutoka Ahero na Maseno kucheza dansi. Bendi haikuwa na nyingine. Bila hiyo tulikuwa wanaume watano wenye nyuzi.

Sasa rudi uani.

"Mzee, samahani," nikasema. "Hicho ni kitu kimoja."

"Naona maboksi mawili."

"Hata suruali ina miguu miwili. Utampa Joram mguu wa kulia na Dishon wa kushoto?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Hiyo si suruali, bwana. Hiyo ni suti. Huyu anavaa koti, yule anavaa suruali, na hakuna anayekaa uchi."

Wakacheka zaidi, na kusema kweli alinipiga bao. Masikio yangu yakaanza kupata moto.

Nikamgeukia Joram, kaka mkubwa wa Oketch. Joram ana baa sokoni Pap Onditi, yenye jenereta, na yeye mwenyewe ana tumbo la mwenye baa. "Joram, hicho kichwa utakifanyia nini?"

"Nitakiweka kaunta. Jioni nawasha zile taa, watu wanakunywa wakiziangalia. Baa zote za hapa hakuna kitu kizuri namna hiyo."

"Bila spika?"

"Spika ya nini? Nina kaseti yangu. Mimi nataka taa."

"Nisikilize. Transista ukiinyima spika, inanyamaza tu. Ya valvu hainyamazi. Siku mlevi atakapochomeka gitaa pale mbele, ile nguvu itatafuta mlango wa kutokea, itaukosa, itarudi ndani na kuchoma transfoma. Na kwenye baa, siku hiyo ni siku ya kwanza."

"Kumbe ni mashine ya kike," akasema Joram. "Ikikosa mume inajichoma."

Uani pakawa sherehe. Hata waliokuwa wanalia juzi walipangusa machozi mengine.

Dishon, mdogo wao, anayelima mpunga katika skimu ya Ahero, yeye hakuwa na mzaha. Alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya sanduku lake na bisibisi mkononi. "Mimi hizi spika nazitoa," akasema. "Moja nafunga kwenye redio yangu, nyingine namuuzia mtu. Boksi lenyewe litafaa. Kuna kuku wangu mmoja anaatamia."

Nitakueleza nilivyojisikia. Chukua mtoto wako uliyemlea, mpeleke shule, anunuliwe viatu, halafu mtu aje apime kichwa chake kama kitatosha kuwa kibuyu.

"Wapeni bendi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda juu ya paa. "Mashine ya muziki, wapeni wanamuziki. Ni hesabu ngumu hiyo?"

"Bendi ni ukoo gani?" Mzee Absalom akauliza.

"Mzee."

"Nakuuliza. Bendi ina baba? Ina boma? Nionyeshe boma la bendi nilipeleke hili boksi."

Beldina, mjane wa Oketch, alikuwa ameketi ukutani, mikono kwenye leso. Akasema bila kuinua uso, "Mzee, Wakoli ndiye aliyeijenga."

"Na nyumba yangu ilijengwa na fundi kutoka Kisii," akajibu Mzee. "Na haji kulala humo." Kisha akanielekezea bakora. "Wewe ni jamwa, mtu wa kuja. Ulimpenda kijana wetu, tumeona. Tukakupa benchi. Hatukukupa mdomo. Sasa twende tukale, na tukimaliza kila mtu achukue chake aende."

Wakaingia kula. Mimi sikuingia. Nilizunguka nyumba nikiongea peke yangu Kibukusu, lugha ambayo matusi yake yana nyama. Nilimtukana Joram na taa zake, nikamtukana Dishon na kuku wake, nikamtukana Oketch kwa kufa, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamtukana tena. Nilipofika nyuma ya jiko nikaona mabaki ya banda la matanga: mbao chache, na misumari kwenye kopo la rangi.

Maboksi mawili, anasema. Haya.

Beldina alikuwa mlangoni mwa jiko akipakua samaki. Aliniona nimeshika ubao.

"Nyundo iko nyuma ya pipa," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Nikarudi uani kwenye mashine. Kwanza nikachomoa valvu zote, maana kioo na nyundo si marafiki. Nikavua shati nikazifunga humo, nikabaki na fulana yenye tundu kifuani. Nikapandisha kichwa juu ya sanduku la spika, kikakaa sawasawa kama kilivyokaa kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Nikaweka ubao ubavuni, kutoka juu hadi chini, nikaanza kupigilia.

Kupigilia msumari kwenye vanishi uliyoipaka mwenyewe si kazi ya mtu mwenye akili timamu. Kila pigo nililisikia kwenye meno. Nilijua transfoma ilipo na nilijua spika zilipo, kwa hiyo nilipita katikati kama mtu anayevuka chumba chenye watoto waliolala. Lakini mikono ilipiga kwa hasira, na hasira ina nguvu nzuri ya useremala. Upande wa kwanza ukashika. Nikahamia wa pili.

Huwezi kupigilia misumari ya inchi nne kimyakimya. Walitoka wote, wengine na ugali mkononi.

"Unafanya nini na mali ya marehemu?" Mzee Absalom akauliza.

"Mzee alisema anaona maboksi mawili," nikasema, nikamalizia msumari wa mwisho. "Mimi namsaidia kuona. Jaribu sasa. Gawa."

Nikaweka nyundo chini. 

Mzee Absalom akaizunguka. Nitampa haki yake: hakupiga kelele. Aliisukuma kwa bakora, haikucheza. Akashika kichwa kwa mikono miwili akajaribu kukitikisa, sanduku zima likatikisika nacho. Akavuta ndevu. Nami nikajua nimeshinda. Kitu ambacho hakigawanyiki kitaachwa pale pale, nyumbani kwa Beldina, na Beldina alikuwa ameshaniambia siku ya mazishi kwamba kikibaki kwake, bendi iendelee nacho.

"Ni kweli," akasema Mzee. "Sasa ni kitu kimoja."

"Asante, Mzee."

"Na kitu kimoja kina mwenyewe mmoja." Akawageukia watu. "Joram, chukua."



"Na mimi?" Dishon akauliza.

"Wewe una baiskeli."

"Baiskeli haina mnyororo, Mzee."

"Utanunua."

Dishon akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeibiwa spika mbili na kiota. Joram naye alikuwa ameshafika, anasugua viganja. Akakumbatia ile mashine, akainua. Haikuondoka ardhini. Akajaribu tena, shingo ikavimba.

"Dishon, omera, ndugu yangu, shika upande huu."

"Mimi nina baiskeli," akasema Dishon, akarudi kwenye samaki wake. Wengine nao wakakumbuka sahani zao.

"Basi leteni kamba," akasema Joram. "Nitailaza niivute mpaka sokoni. Matope yatasaidia, itateleza."

Ilikuwa imenyesha wiki nzima, na udongo mweusi wa huku unajulikana. Nikaona ile karatasi ya spika, ile inayotoa sauti, ikilala kifudifudi kwenye hayo matope. Nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na safari hii yalikuwa ya Kiswahili ili kila mtu afaidi.

Beldina akanisogelea na sinia mkononi. "Ulitaka ibaki nzima," akasema polepole. "Imebaki. Utamwacha aivute?"

Nikamwangalia. Hakuwa ananicheka. Ingekuwa heri angenicheka.

Nikafunga shati lenye valvu kiunoni, tumboni kwa mbele, nikashika upande wangu.

"Kwa magoti, Joram. Si kwa mgongo. Hujawahi kubeba kitu zaidi ya chupa?"

Tukatoka langoni, yeye mbele akienda kinyumenyume, mimi nyuma nikimtukana. Viatu vilibaki kwenye tope, tukaendelea pekupeku. Nilimwambia asiiweke karibu na dirisha. Nilimwambia mtu yeyote akizing'oa zile mbao nitakuja na mbao nyingine za kumng'oa meno. Nilimwambia waya wa spika nitaulehemu kwa ndani, mwenyewe, leo hii, ili hata mlevi akitaka kuuchomoa amalize usiku mzima.

"Ukinitukana tena naiweka chini," akasema Joram, anahema.

"Ukiiweka hapa matopeni, na wewe nakuweka juu yake."

 Mabati ya soko yalianza kuonekana. Joram akaangalia lile furushi kiunoni mwangu.

"Taa zangu unazo?"

"Ninazo."

"Utaziweka leo?"

"Waya ukishafungwa."

Akafikiri hatua chache, jasho likimwingia machoni na hana mkono wa kulifuta. "Sasa Wakoli, ikishawaka pale kaunta, na spika ziko, na kila kitu kiko. Nani atakuwa anaipiga?"

"Muulize Mzee Absalom," nikasema. "Yeye ndiye anayegawa. Inua upande wako, unaiburuza."