Mtoto wa Mto Delaware

Peris, mhudumu wa ghala la makumbusho, aliliweka sanduku mezani, akafungua kifuniko, akarudi nyuma kama alivyoagizwa. Juu ya sponji nyeupe kulikuwa na fuvu la mtoto. Ofisa mmoja wa Kiingereza alilileta London zama Marekani ilipokuwa koloni la Waingereza, baada ya kijiji cha Walenape, wenyeji wa asili wa bonde la mto Delaware, kuteketezwa.

Rowena, mama wa Kilenape aliyesafiri kutoka Oklahoma, hakulia. Alivua koti lake akalizungushia sanduku, kama anayemkinga mtu na baridi.

"Nimekuja kumchukua," alisema.

Hemal, msimamizi wa ghala, alitabasamu. "Tulishawajibu. Huyu alitoka mto Delaware. Ninyi mko Oklahoma. Hakuna ushahidi kwamba ni wenu."

"Nani alitutoa pale mtoni?"

"Mimi nasimamia ghala tu."

"Walitunyang'anya ardhi kwa hati za ulaghai. Tukafukuzwa, tukafukuzwa tena, mpaka Oklahoma. Sasa kule kufukuzwa ndiko kunatunyima mtoto?"

"Muda wako umekwisha," Hemal alisema.

Rowena akalitoa fuvu sandukuni, akalipakata.

Hapo Hemal akaacha Kiingereza, akamgeukia Peris kwa Kiswahili. Alikipata utotoni kwao Kisumu, kwa yaya na mpishi, na cha kuamrisha alikijua vizuri. "Peris, mnyang'anye."

"Bosi, si tumuache kidogo tu..."

"Viza yako inaisha Machi. Nani atakuandikia barua? Huyu?"

Peris alimfikiria mwanawe Jeff, aliyekuwa shuleni Woolwich wakati ule, hajui lolote. Akasogea.

"Pole, mama," alimwambia Rowena kwa Kiingereza, akalishika fuvu kwa mikono miwili na kuvuta. Rowena hakupiga wala kusukuma. Aling'ang'ania tu. Kitu kikalia ka! Fuvu liliporudi sandukuni, mstari wa meno ulikuwa na pengo jipya.

"Jino liko wapi?" Hemal aliuliza.

Rowena alikunja ngumi. Alimtazama Peris, bila kumsihi.

"Peris?"

"Analo. Mkono wa kushoto."

Walinzi wawili waliitwa. Mmoja alimbana Rowena mkono, mwenzake akamkunjua vidole kimoja kimoja. Hapo ndipo alipoanza kuimba kwa Kilenape, polepole, sauti ya kubembeleza mtoto. Walimtoa akiimba. Aliendelea koridoni, hadi mlango wa nje ulipofungwa.

Hemal alimpa Peris mfuko mdogo wa plastiki. Kwa kanuni zao, kilichomeguka kilisajiliwa peke yake na kuhifadhiwa mahali pengine.

Peris alilitia jino mfukoni mle. Lilikuwa jino la utoto, dogo kama punje ya mchele. Akaliandikia namba yake mpya, akampeleka mtoto kwenye rafu za chini, kisha akapanda ngazi kwenda kuliweka jino ghorofa ya pili.