Mfano wa Mwalimu Musyimi

Ndunge hakupiga hodi getini. Alimpita askari wa shule kama hamwoni, binti yake Mutanu akimfuata nyuma na yunifomu isiyopigwa pasi, akaelekea moja kwa moja ofisi ya mkuu wa shule. Alikuwa amefura tangu jana jioni. Mutanu, mtoto wa kidato cha nne, mtihani wa taifa uko mlangoni, alikuwa amesukuma vitabu chini ya kitanda na kumwambia mama yake, "Mwaitu, kule sirudi."

Na kisa ni nini? Kisa ni Mwalimu Musyimi wa Kiingereza. Huyu ana mtindo wake, nao ni mtindo wa walimu wengi wa huku: akifundisha jambo, mfano lazima uwe mtu aliye mle darasani, eti wanafunzi wasisinzie. Ndululu anapenda kula githeri, Nzau anachelewa, watu wanacheka, somo linaingia. Basi jana alikuwa anafundisha namna ya kuingiza mfano kwenye sentensi. Akaandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba wanawake wengine huachwa na waume zao, akaweka koma, akaandika "for example", akaweka koma nyingine, halafu bila haya akamalizia: mama yake Mutanu.

Darasa zima likageuka kumwangalia mtoto. Wengine walicheka, kwa kuwa wamezoea kucheka.

Sasa niambie, habari hiyo Musyimi aliitoa wapi? Mji mzima wa Kwa Vonza unajua baba Mutanu yuko kazini Mombasa. Mahali pekee Ndunge alipofungua kinywa ni kanisani, kwenye ushirika wa Jumatano, watu walipoulizwa mahitaji ya maombi. Alisimama akalia, akasema mume amehamia kwa mwanamke mwingine huko Makindu, mniombee. Na Musyimi alikuwa pale, macho amefumba, akiitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Kumbe mwenzetu alikuwa anaokota mifano. Shetani mwenyewe angeona aibu.

Ofisini, mkuu wa shule, Madam Nzisa, aliagiza chai. Ndunge hakuigusa. Musyimi aliitwa, akaja na chaki mkononi, akaeleza kwa upole kwamba hakuwa na nia mbaya, ulikuwa mfano tu, na sentensi yenyewe haikuwa na kosa. Akasema yuko tayari kuomba msamaha hapo hapo, kisha wafanye maombi pamoja, mambo yaishe. Loo! Kusikia neno maombi, Ndunge alihisi kichwa kinataka kupasuka. Akamwambia maombi yake ameshayaona, na kwamba mtu aliyeanikwa mbele ya darasa haanuliwi ofisini mlango ukiwa umefungwa. Madam Nzisa akajaribu kutaja heshima ya mwalimu mbele ya wanafunzi. Ndunge akamuuliza heshima ya mama wa mwanafunzi huwa wanaiweka kabati gani. Madam akasukuma kiti, akainuka.

Wakaenda darasani. Mutanu alibaki mlangoni na mama yake, hataki kuingia, anaangalia viatu. Musyimi alikohoa, akaanza kusema kwamba sisi binadamu hatujakamilika, kwamba walimu wengine hukosea, na wanafunzi wawe na moyo wa kuelewa.

"Wengine nani?" Ndunge akauliza. Sauti yake haikupanda. "Jana ulikuwa na mfano, Mwalimu. Leo umekosa?"

Hakuna aliyecheka. Musyimi alimwangalia Madam Nzisa, Madam naye akaangalia dirisha.

"Kwa mfano, mimi," akasema. "Mimi Musyimi. Nilichukua machozi ya mtu kanisani nikayafanya somo."

Mutanu akapita katikati ya madawati, akakaa mahali pake, akaazima kalamu kwa mwenzake. Ndunge alisimama pale mlangoni mpaka alipomwona ameanza kuandika. Hasira ilikuwa bado haijaisha, na hakutaka iishe.