Chupa Ndani ya Mkoba

Mama Mapacha alikuwa na mkono mgumu, na mwaka huu mkono huo aliuelekeza kwenye maji. Tangu mumewe, mwoka mikate, agundulike kuwa na kisukari, kutwa alikuwa safarini kwenda msalani, huku nyuma mikate ikiungua na tajiri akifoka. Mama Mapacha akapiga hesabu zake za jikoni: kinachotoka kwa wingi kipunguzwe kinapoingia. Akawa anaichomoa chupa ya maji kwenye mkoba wa kazi.

"Koo limenikauka, mke wangu," mumewe alilalamika.

"Jikaze, Baba Mapacha. Unataka kufukuzwa kazi?"

Akajikaza mbele ya tanuri, jasho likimtoka chapachapa. Safari za msalani zikapungua kweli, na mke akatembea kichwa juu, daktari wa kujipachika.

Leo asubuhi mume alianguka juu ya magunia ya unga, kashika kiuno, akilia kama mtoto.

Wodini, daktari wa kusomea hakuzunguka mbuyu. Kisukari kilikuwa kimeuzidishia mkojo wake asidi, na mkojo wa namna hiyo ukikosa maji hufanya mawe upesi. Jiwe limeziba figo ya kulia na usaha unajaa. Ya kushoto ilishasinyaa zamani. Hii ikifa, hana nyingine.

"Maji ndiyo yangekusaidia, mzee. Nani alikwambia usinywe?"

Mama Mapacha alitamani sakafu immeze.

"Uvivu wangu tu, daktari," mumewe akajibu, macho ukutani.

Daktari akaagiza aandaliwe kwa upasuaji, asipewe hata tone la maji, kisha akatoka. Mama Mapacha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mbona hukunitaja?"

"Wangekufukuza humu. Nami naogopa kubaki peke yangu." Akalamba midomo iliyopasuka. "Nipe maji kidogo. Ulimi umeganda."

Chupa alikuwa nayo mkobani. Alipofika getini mwa hospitali alikuwa amenunua kubwa kuliko zote, kana kwamba angeweza kurudisha miezi yote kwa mkupuo mmoja. Aliishika kupitia kitambaa cha mkoba, ya baridi, imejaa pomoni.

"Jikaze, Baba Mapacha," akasema, akiusukuma mkoba chini ya kitanda.

Mumewe akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali siku zote.