Futi Tisini Mbele ya Bibi Orpha

Nyumba arobaini na mbili zilijengwa kwenye lililokuwa shamba la mahindi, kaskazini mwa mji wetu hapa Minnesota. Kazi yangu katika halmashauri ilikuwa kukagua njia za waenda kwa miguu kabla kampuni ya ujenzi haijapewa cheti cha kukamilisha mradi. Sheria yenyewe si ngumu. Anayejenga nyumba mpya lazima ajenge na njia mbele yake: ya zege, upana futi tano, na inapokutana na barabara iteremke taratibu ili kiti cha magurudumu kipite. Nilipima siku mbili. Sikukuta kosa.

Siku ya tatu Renata Wojcik alinisimamisha. Alikuwa wa kwanza kuhamia pale. Tangu ajali yake anatumia kiti cha umeme, na anafanya kazi kwenye duka la dawa lililo mwendo wa robo maili. Alinieleza kwamba aliuza nyumba ya marehemu mama yake ili anunue hii, maana kwenye ramani ya mauzo aliona njia inakwenda mpaka dukani. Alichoka kuomba lifti.

Tukaenda pamoja. Njia ilikwenda vizuri hadi kwenye uzio wa Bibi Orpha Lindgren, ikakatika. Mbele yalikuwa majani na mtaro, na kando yake barabara yenye malori. Futi tisini baadaye ilianza tena, karibu na duka. Nyumba ya Bibi Orpha ilijengwa na baba mkwe wake, kwa hiyo sheria haimgusi. Kampuni nayo hailazimiki kujenga kwenye ardhi isiyo yake.

"Kwa hiyo mimi nimekosea wapi?" Renata aliuliza.

"Hukukosea."

"Na wao?"

"Nao hawakukosea."

Alicheka kidogo. "Basi malori ndiyo yenye makosa, Bwana Arvid. Nitayaambia nikikutana nayo."

Niliiomba kampuni, ikakubali kujenga kile kipande bila malipo, mradi Bibi Orpha atie sahihi kabla ya mwisho wa Oktoba, ardhi isije ikaganda. Nilidhani kazi imekwisha.

Bibi Orpha alinimiminia kahawa, akanikatia mkate wa iliki, akaisoma karatasi hadi ukurasa wa mwisho. Kisha akauliza theluji itaondolewa na nani. Nilimjibu kama ilivyo: mwenye nyumba huiondoa kwenye njia iliyo mbele yake ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo hutozwa faini. Ana miaka themanini na minne. Majira ya baridi yaliyopita alianguka na sepetu mkononi, akavunjika nyonga.

Nikamwambia nitaiondoa mimi.

"Una miaka mingapi, kijana wangu?"

"Sitini na miwili."

"Na ule mgongo uliokulaza mwezi wa pili?"

Nilimsogezea kalamu hata hivyo.

"Siwezi kutia sahihi juu ya mgongo wako, Arvid. Wewe ukilala, karatasi itakuwa na jina langu. Mwambie yule binti, ningekuwa na nguvu zangu za zamani ningemfagilia hadi mlangoni kwake. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimwambia. Renata alisema anamwelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliiandikia halmashauri, nikaomba wafanyakazi wake wasafishe kile kipande kimoja tu. Walijibu kwa upole kwamba wakimfanyia mmoja watadaiwa na mji mzima, na kwamba suala litajadiliwa Aprili. Oktoba ikaisha. Nilisaini cheti cha kampuni, kwa sababu kwenye sheria hakuna mstari unaoniruhusu kukataa.

Theluji ilianguka wiki ya kwanza ya Novemba. Asubuhi nilipita na gari. Njia mpya ilikuwa imesafishwa nyumba hadi nyumba, kila mtu na kipande chake. Renata alikuwa amesimamisha kiti chake mwisho wake, akitazama barabarani. Bibi Orpha alikuwa dirishani, mkono kwenye pazia.

Kiti kile kina uzito wa ratili mia tatu na hakiingii kwenye gari langu. Nikawasha taa za tahadhari. Alishuka barabarani kupitia njia ya gari ya jirani, nami nikamfuata nyuma polepole hadi dukani, huku magari yakipiga honi.

Alinishukuru, akauliza kama kesho nitapita saa ile ile.

Kesho nilikuwa na ukaguzi upande wa kusini wa mji.