Vichwa Vilivyopita Mikononi mwa Babu

Jumamosi asubuhi, katika duka lake la kinyozi, Babu alimfunga mjukuu wake Kipara kitambaa shingoni, akapuliza mashine ya kunyolea kutoa vumbi, akaanza kunyoa kuanzia kisogoni kama alivyozoea. Alipofika utosini akasahau harusi yake. Harusi ikateremka mkononi, ikapita kwenye mashine, ikaingia kichwani mwa mjukuu. Kipara akapiga chafya.

"Leo nini?" Mama aliuliza kutoka mlango wa jikoni, uliotazamana na duka.

"Harusi. Babu alianguka na baiskeli njiani, akaoa akiwa na suruali iliyochanika magotini."

"Vizuri. Itunze," Mama alisema, akarudi kutazama sufuria yake.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Babu aanze kusahau. Mikono yake haikusahau kazi, ila kila kilichomtoka kilihamia kwenye kichwa alichokuwa amekishika. Mwanzoni wateja waliondoka na mambo mengi. Muuza mkate alitoka na msiba wa Bibi mzima mzima, akawa anausimulia mtaani na kulia kuliko wafiwa. Mama alipoona hivyo akafunga duka kwa watu wa nje. Mali ya familia, alisema, haigawiwi ovyo. Kikabaki kichwa kimoja tu, cha Kipara, kwa sababu katika nyumba ile wavulana walinyolewa na wasichana walisukwa.

Mkubwa wa Kipara, ambaye nyumbani aliitwa Dada tu, aliona wivu, tena hakuuficha. Yeye ndiye aliyemlisha Babu, aliyemfunga kamba za viatu, aliyemfuata mtaa wa pili kila alipotoka kwenda kufungua duka alilokwisha kulifungua. Kipara hakuosha hata kikombe, na kila Jumamosi aliinuka kitini ametajirika. Siku hizi alikohoa kabla ya kusema. Alimwita Mama "binti yangu" mezani, na Mama akafuta machozi, akamwongezea nyama. Dada aliwatazama, akasukuma sahani yake kando.

"Nisimulie basi utoto wa Babu," alimwomba Kipara siku moja. "Kidogo tu."

"Ni habari ndefu, mjukuu wangu," Kipara alijibu.

Dada akamzaba kofi. Mama akamgombeza kwa kumpiga mzee.

Jumamosi iliyofuata Dada alifumua nywele zake zote, akawahi kiti.

"Toka hapo, mwanangu," Mama alisema. "Msichana hanyolewi."

"Kwani mimi si mjukuu?"

Babu alikwishawasha mashine. Kwake kichwa kilikuwa kichwa. Alikiinamisha kwa vidole viwili, akaanza kisogoni. Dada alifumba macho, akangoja safari, ujana, ugomvi wowote wa zamani, chochote ambacho Kipara hakuwa nacho.

Alichopewa kilikuwa yeye mwenyewe. Alijiona kwa macho ya Babu, ndani ya kioo cha duka: mtoto mdogo amesimama juu ya kreti na mashine mbovu isiyo na waya, akimnyoa mdogo wake kwa kujifanya. Alianza kisogoni, akakiinamisha kichwa kwa vidole viwili, na hakuna aliyemfundisha. Akasikia pia alichowaza Babu saa ile: huyu ndiye mwenye mkono wangu, bahati mbaya ni wa kike. Kisha Babu alimnyang'anya mashine, akampa ufagio. Hayo ndiyo yalikuwa yote. Yalijaa upendo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Babu alimpangusa shingo kwa brashi, akamtazama kwenye kioo kwa adabu aliyowawekea wateja wapya.

"Umependeza, mama. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa hapahapa, Babu."

"Karibu tena." Akamgeukia Kipara, akamwekea mashine kiganjani. "Shika, mjukuu wangu. Hii na duka, vyote vyako."

Kipara aliishika kama mtu aliyepewa samaki hai. Akaiwasha, ikamponyoka. Mama aliiokota, akamrudishia, akasema mkono utazoea.

Dada aliteremka kitini, baridi ikimpiga kichwani.

"Binti," Babu alimwita kwa upole, "kabla hujaondoka, tufagilie."

Dada akachukua ufagio. Nywele zilizokuwa chini zilikuwa zake, na zilikuwa nyingi.