Kipimo cha Mguu Mzima

Kiberenge alisubiri karatasi moja kwa miezi minane, na sasa alikuwa nayo mfukoni, imegongwa muhuri. Ilisema goti lake la kushoto limepona, anaweza kurudi uwanjani. Fainali ya mpira wa pete ilikuwa Jumamosi. Mtu angetegemea kumwona akirukaruka njia nzima, lakini alitembea polepole kama aliyebeba mayai, maana karatasi yenyewe aliipata kwa ujanja.

Kano ya goti lake ilikatika alipodaka mpira hewani na kutua goti limeingia ndani. Hakuguswa na mtu. Alipasuliwa, akawekewa kano mpya, akakabidhiwa kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja asiyejua kuchoka ambaye wachezaji wote walimwita Bi Rudia, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Sheria ya Bi Rudia ni moja. Unaruka mbele kwa mguu mzima na kutua kwa mguu huohuo, anapima. Kisha unaruka kwa mguu uliopasuliwa, anapima. Mguu mbovu ukifikisha sehemu tisa katika kumi za mguu mzima, karatasi yako hii hapa. Wenzake wote hukazana kuurefusha mruko wa mguu mbovu. Kiberenge, kwa akili zake zinazochemka, aliufupisha wa mguu mzima.

Nyumbani alimkuta mama yake, fundi cherehani, akipinda sare za shule, pini tatu mdomoni na tepu ya kupimia shingoni. Mama aliipokea karatasi, akazitema pini kiganjani, akasoma. Akasoma tena.

"Mguu mzima sentimita mia na thelathini na mbili?"

"Ndiyo, Mama."

"Jumamosi iliyopita hapo barazani nilikupima kwa tepu hii hii, ukaruka mia na arobaini na tisa. Na huo mguu mzima nao umeanza kuumwa?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Mbovu haukuchoka, ila mzima ndio uliochoka. Makubwa haya!"

Uso ulimwaka Kiberenge, akayamwaga yote, na aliyamwaga kwa hasira. Kwamba mwakani atakuwa amevuka umri wa timu ya vijana, kwa hiyo hakuna fainali nyingine. Kwamba nafasi yake ya ufungaji amepewa Mlingoti, mtoto wa juzi tu, eti kwa sababu ni mrefu. Kwamba goti haliumi hata kidogo, sasa sentimita ni za nini?

Mama hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Mimi nikimpunja mteja kipimo ili aone gauni linamtosha, likipasuka litapasukia mwilini mwake, mbele za watu. Sikukatazi. Goti ni lako. Ila wiki mbili nzima mimi ndiye niliyekushika mkono kukupeleka chooni, kwa hiyo nina haki ya kukuuliza. Unataka kucheza Jumamosi, au unataka kucheza?"

Akarudisha pini mdomoni, cherehani ikaendelea.

Na tuseme ukweli, Kiberenge alimchukia mama yake kwa saa nzima. Kisha akatoka barazani, kwenye mistari ya chaki ya kila Jumamosi, ili amwonyeshe. Akaruka kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu zote. Akatua. Goti likatetemeka, likainama ndani kidogo tu, halafu likakaa sawa. Hakuna aliyeona. Lakini mwendo ule aliujua, ndio uleule wa siku ile uwanjani.

Kesho yake asubuhi na mapema alikuwa kwa Bi Rudia.

"Nipime tena."

"Kwa nini? Si ulifaulu?"

"Sikufaulu. Niliubana mguu mzima."

Bi Rudia akavua miwani. Mikanda ya mpira ilining'inia ukutani nyuma yake, na kwenye benchi tayari walikuwa wameketi wasichana wawili wenye magongo, kila mmoja na goti lake.

"Jana nilikuwa na foleni hadi mlangoni," alisema. "Niligonga muhuri bila kuangalia kipimo chako cha mwezi uliopita. Hilo ni kosa langu, na wewe ndiye ungelilipia. Haya, ruka. Safari hii kweli."

Mguu mzima, mia na arobaini na tisa. Mguu mbovu, mia na kumi na tisa.

"Umepungukiwa sentimita kumi na tano. Miezi miwili, pengine mitatu." Akaichana karatasi vipande viwili.

Kiberenge alilia palepale kwenye mkeka, kilio cha kwikwi, bila kumwonea haya mtu. Bi Rudia alimwacha alie mpaka mwisho, kisha akamrushia mkanda wa mpira.

"Umemaliza? Chuchumaa kwa mguu mmoja, mara kumi na mbili."

Alichuchumaa mara kumi na mbili, kamasi na yote.

"Rudia."

Jumamosi alifika uwanjani kabla ya timu. Kocha wao alikuwa na tabia ya kuwazungusha uwanja mara mbili, wajinyooshe kidogo, basi.

"Kocha, niachie robo saa tu."

Kocha alitazama goti, akatazama saa, akakubali. Kiberenge akawapanga wenzake mstari mmoja. Ruka, tua. Tua kimya, nisisikie kishindo! Kunja magoti kidogo, yaelekee vidole vya miguu!

Mlingoti alikuwa amevaa fulana ya mfungaji, ileile aliyoifua Kiberenge kwa mikono yake msimu mzima. Akaruka, akatua, goti likaingia ndani. Kiberenge aliliona. Kwa wivu, angeweza kabisa kunyamaza.

"Rudia."

"Dada, mechi inaanza!"

"Najua. Rudia. Goti likiingia ndani, hutoki hapa."

"Mungu wangu, umeshakuwa Bi Rudia mwenyewe!"

Timu nzima ikaangua kicheko. Mlingoti akarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano alitua bila sauti, goti limetulia mahali pake. Kiberenge akamnyooshea fulana mabegani.

"Sasa nenda ukafunge."

Kipenga kikalia. Mpira wa kwanza ulirushwa juu sana, Mlingoti akapaa kuufuata. Watu wote waliutazama mpira. Kiberenge alilitazama goti, likishuka, likigusa ardhi, likisimama imara. Hapo ndipo naye akaanza kushangilia.