Mama Mikanda Langoni

Wazazi wa shule ile ya chekechea walimpachika jina la Mama Mikanda, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi. Hospitali ilimtuma asimame langoni kila asubuhi kwa wiki nzima, na kiti cha mtoto cha kuonyeshea, awaeleze wazazi namna ya kumfunga mtoto mkanda garini. Jumatatu mama mmoja alimpandishia kioo cha gari usoni. Jumanne bwana mmoja mwenye tai alimwuliza kama hospitali imeishiwa wagonjwa.

Jumatano likaja gari la shemeji yake, kaka wa mumewe. Binti yake wa miaka minne alikuwa amesimama katikati ya viti vya mbele, mkono mmoja begani kwa baba, anaimba.

"Shemeji, mkalishe nyuma umfunge," muuguzi alisema. "Chukua hiki kiti, nakuazima."

"Niondokee mbele ya gari."

"Siondoki mpaka akae."

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Shemeji akashuka, akapaza sauti ya kusikika mpaka madarasani.

"Jamani, nisikilizeni. Huyu hata kuzaa hajazaa, leo ananifundisha kulea."

Watu wawili watatu walicheka chini chini. Muuguzi alibaki pale pale mbele ya gari. Kwa miaka sita ya ndoa ukoo wa mumewe ulikuwa ukilizungusha neno hilo kwa mafumbo. Sasa limetupwa hadharani kama maji machafu.

"Sijazaa, kweli," alisema. "Lakini watoto mliowazaa ninyi ndio ninaowatoa vipande vya vioo usoni. Mkalishe."

Shemeji alirudi garini, akabamiza mlango, akamzunguka na kuingia ndani ya geti. Mtoto alikuwa bado amesimama.

Jioni mumewe alimsubiri mezani, uso umemvimba kwa hasira.

"Umemwaibisha kaka yangu mbele za watu."

"Na yeye aliniambia nini?"

"Nimeambiwa. Ila ungenyamaza tu."

"Basi kula peke yako," alisema, akachukua sahani yake akaenda kula jikoni.

Ijumaa shemeji alipomwona langoni, alikanyaga mafuta makusudi, ampite kabla hajamsogelea. Hakumwona mlinzi aliyekuwa anavusha watoto wawili. Alipomwona, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama, mtoto hakusimama. Alichomoka kati ya viti, akagonga dashibodi kwa kidevu.

Muuguzi alifika kabla baba hajapata akili ya kufungua mlango.

"Usimnyanyue," alisema, tayari ameshika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili kisiyumbe. Damu ilikuwa ikichuruzika mdomoni, na meno mawili ya mbele yalikuwa kwenye zulia la gari.

"Umefurahi sasa?" shemeji alisema. "Si ndicho ulichokuwa unatuombea?"

"Ita gari la wagonjwa. Matusi utanimalizia baadaye."

Taya lilikuwa limevunjika. Mtoto alilazwa siku tisa, akinywa maziwa kwa mrija, na siku zote hizo shemeji na muuguzi walipishana kwenye korido bila salamu. Siku ya kuruhusiwa, shemeji alimwita uani kwa kidole. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kulikuwa na kiti kipya cha mtoto, kinacheza kama jino bovu.

"Kifunge," alisema.

"Sikifungi. Kifunge wewe, mimi nikuangalie."

Alimkata jicho, lakini akapiga goti. Akavuta mkanda.

"Umelegea. Rudia."

Akarudia, jasho linamtoka, huku binti yake akimtazama akiwa amebebwa na mama yake. Mara ya nne muuguzi alikitikisa kiti na hakikusogea. Mtoto akakalishwa. Muuguzi akajaribu kuufinya mkanda begani, haukukunjika; ulikuwa umekaza sawasawa.

"Usidhani nimekusamehe," shemeji alisema.

"Sijakuomba. Na mimi bado sijakusamehe."

Waliondoka bila kuaga.

Jumatatu iliyofuata muuguzi aliomba wiki nyingine langoni. Asubuhi hiyo alitukanwa na watu wawili. Wa tatu alizima injini, akanuna, akashuka kusikiliza.